Mtoto wa siku tatu katika joto la Juba: amekauka, au anapungua tu?

*Ushauri wa kunywa maji unaomfaa mwanafunzi wakati wa joto kali unaweza kumdhuru mtoto mchanga. Cha kuamua ni nani atakayempima, kwa mizani gani na siku gani.*

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45 za Selsiasi. Februari 2025 shule zikafungwa tena, safari hii baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba, na wananchi wakashauriwa wakae ndani na wanywe maji. Kwa mwanafunzi wa darasa la tano ushauri huo hauna kasoro. Lakini wiki hizohizo watoto walikuwa wakizaliwa katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba, katika vituo vidogo vya afya na katika nyumba za mabati za mitaa ya Gudele na Munuki, na hakuna tangazo lililowataja. Mama aliyejifungua juzi, akiwa chini ya bati saa nane mchana na mtoto mwenye midomo mikavu, amesikia tangazo lilelile wanalolisikia wote. Atakachofanya kinajulikana: atatafuta kikombe na kijiko.

Je, mtoto huyo amepungukiwa maji? Swali linaonekana jepesi, ila hata wataalamu wenye maabara kamili hulijibu kwa tahadhari. Hoja yangu ni kwamba Juba jibu lake halipatikani kwa kipimo kimoja, iwe ni asilimia ya uzito, idadi ya nepi au utosi uliobonyea. Hupatikana kwa kuangalia mambo hayo pamoja, zaidi ya mara moja, kati ya siku ya tatu na ya tano. Hizo ndizo siku ambazo mama ameshatoka hospitali, na mara nyingi hakuna mhudumu anayemfuata nyumbani.

Anazaliwa na akiba

Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa akiwa na maji mengi kuliko atakavyokuwa nayo tena maishani. Karibu asilimia 75 ya uzito wake ni maji, ilhali kwa mtu mzima ni kama 60. Sehemu ya maji hayo ni akiba aliyotoka nayo tumboni, na siku za mwanzo mwili wake huitoa kwa mkojo, kwa pumzi na kupitia ngozi. Ndiyo maana karibu kila mtoto mwenye afya hupungua uzito baada ya kuzaliwa, kwa kawaida kama asilimia 5 hadi 7. Siku ya nne au ya tano huanza kupanda, na kabla ya wiki mbili kwisha huwa amerudia uzito aliozaliwa nao. Kupungua huko si ugonjwa, na anayejaribu kukuzuia kwa chupa anazuia jambo ambalo mwili ulikusudia kulifanya.

Maziwa ya mama hufuata ratiba hiyohiyo. Siku ya kwanza matiti hutoa maziwa ya mwanzo, mazito na ya manjano, kwa kiasi kinachomtisha asiyeyajua: mililita chache kila mtoto anaponyonya, na kwa saa 24 zote wastani wa kama mililita 40, yaani vijiko vinane vya chai. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Sasa linganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto wachanga wanaolazwa wodini: mililita 60 kwa kila kilo siku ya kwanza, 90 siku ya pili, 120 siku ya tatu. Kwa mtoto wa kilo tatu siku ya kwanza hiyo ni mililita 180, zaidi ya mara nne ya anachopata mwenzake mzima anayenyonya vizuri. Mwongozo haukukosea, kwani uliandikwa kwa ajili ya mtoto anayelishwa kwa mpira au dripu. Tatizo huanza pale hesabu ya mgonjwa inapotumika kumpimia mtoto mzima, na mama akaambiwa hana maziwa kabla maziwa hayajapata muda wa kuja.

> Siku ya kwanza mtoto mwenye afya hupata kama vijiko vinane vya chai vya maziwa kwa saa 24, na vinamtosha.

Asilimia kumi na sindano ya mizani

Wahudumu wengi wamefundishwa mpaka mmoja: mtoto akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, kuna hatari. Mpaka huo una maana, lakini si ukuta. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha takwimu za watoto zaidi ya 160,000 waliozaliwa katika hospitali za kaskazini mwa California. Kati ya walionyonya maziwa ya mama tu waliozaliwa kwa njia ya kawaida, karibu asilimia 5 walikuwa wameshapoteza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao walipofikisha saa 48. Kwa wenzao waliozaliwa kwa upasuaji, walikuwa zaidi ya asilimia 10, na kufikia saa 72 zaidi ya robo yao walikuwa wamevuka mpaka. Kama kila mmoja wao angehesabiwa mgonjwa, wodi zisingetosha. Kama kila mmoja wao angehesabiwa mzima, wachache waliokuwa wakikauka kweli wangepotea ndani ya kundi hilo.

Kuna utata mwingine unaogusa moja kwa moja wanaojifungua hospitalini. Mama anayewekewa dripu nyingi wakati wa uchungu humpitishia mtoto sehemu ya maji hayo kupitia kondo, na mtoto huzaliwa na uzito usio wake. Anapoyakojoa katika saa 24 za kwanza, mizani inaonyesha hasara kubwa. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2011 ulionyesha uhusiano huo na kupendekeza kwamba uzito wa kuanzia hesabu uwe ule wa saa 24 baada ya kuzaliwa, badala ya ule wa dakika za kwanza. Pendekezo ni zuri, ila ni la mahali ambapo mama bado yupo kitandani saa 24 baadaye. Palipo na kitanda kimoja na akina mama wawili wanaokisubiri, uzito wa saa 24 haupatikani. Kinachowezekana ni kuandika kwenye kadi, kando ya uzito wa kuzaliwa, kama mama aliwekewa dripu na chupa ngapi. Ni neno moja na tarakimu moja, lakini atakayempima mtoto siku ya tatu atakuwa na cha kushikilia.

Halafu kuna mizani yenyewe. Mizani ya kuning'iniza yenye sindano, inayobeba hadi kilo 25 na inayotumika sana katika kliniki za watoto Afrika Mashariki, imegawanywa kwa gramu 100. Tuchukue mtoto aliyezaliwa na gramu 3,000 ambaye siku ya tatu uzito wake halisi ni gramu 2,760. Amepungua asilimia 8: wa kuangaliwa, si wa kukimbizwa. Kwenye mizani ya sindano muuguzi mmoja atasoma 2,800, na mtoto awe amepungua chini ya asilimia 7, aende zake. Mwingine, akisoma kwa pembe tofauti au mtoto akirusha miguu, atasema 2,700, na mtoto yuleyule awe amegonga asilimia 10 na kuandikiwa maziwa ya kopo. Uamuzi mzito kiasi hicho haufai kutegemea sindano inayocheza. Mizani ya dijitali inayosoma gramu 10, mtoto akipimwa uchi, mizani ileile mara zote, ndiyo kifaa cha kazi hii. Ningeinunua kabla ya vifaa vingi vinavyong'aa zaidi katika orodha za misaada.

Mpole kupita kiasi

Upungufu wa maji unaoogopwa zaidi kwa mtoto wa umri huu hauji na kuhara wala kutapika. Huja na titi lisilotoa. Mtoto hushika vibaya, hunyonya bila kumeza na hupata kidogo kuliko anavyopoteza, huku chumvi ya sodiamu ikipanda kwenye damu. Sodiamu inapopanda huvuta maji kutoka ndani ya chembe za mwili na kuyaleta kwenye mishipa, kwa hiyo mzunguko wa damu hushikilia kwa muda. Matokeo yake ni mtoto anayekauka huku alama za vitabuni zikichelewa. Utosi huenda usibonyee, na ngozi ya tumbo ikifinywa huenda ikarudi upesi kama kawaida. Ndiyo sababu kipimo cha kufinya ngozi, kinachomsaidia mhudumu kwa mtoto anayehara, hakifai kutegemewa peke yake hapa.

Dalili inayotangulia ni ya tabia, na ni ya kudanganya. Mtoto hulala muda mrefu, haamki kudai titi, akiamshwa hunyonya mara mbili tatu kisha husinzia. Nyumbani atasifiwa: huyu mpole, hasumbui, mama yake anapumzika. Mtoto wa siku tatu asiyesumbua usiku kucha anapaswa kuamshwa na kuangaliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu magonjwa ya watoto wachanga huhesabu kunyonya chini ya mara nane kwa saa 24 kuwa ni tatizo la ulishaji. Kushindwa kunyonya vizuri, degedege, kujongea pale tu anapoguswa, na joto la mwili la nyuzi 37.5 au zaidi ni dalili za hatari za kumpeleka hospitali mara moja. Kuhusu homa, wapo watakaosema ni joto la Juba tu na blanketi zito. Huenda ikawa hivyo. Lakini nyumbani hakuna awezaye kutofautisha homa ya joto na maambukizi ya damu, na kosa la upande mmoja ni safari ya bure wakati la upande wa pili ni kaburi. Afunuliwe, anyonyeshwe, na safari ianze.

Hesabu ya nepi

Kipimo kilicho mikononi mwa mama ni kile kinachotoka. Siku ya kwanza mkojo angalau mara moja, siku ya pili mara mbili, siku ya tatu mara tatu, na kuanzia siku ya tano mara sita au zaidi, mkojo usio na rangi kali. Kinyesi hubadilika kutoka cheusi kinachonata kama lami, hadi cha kijani, hadi cha manjano na laini kufikia siku ya tano. Mtoto anayeendelea kutoa kinyesi cheusi siku ya nne hapati maziwa ya kutosha, hata kama saa nzima yuko kwenye titi. Siku mbili tatu za mwanzo kunaweza kuonekana doa la waridi au la rangi ya tofali kwenye nepi. Mara nyingi huchukuliwa kuwa damu, kumbe ni chembechembe za chumvi ya mkojo mzito. Mapema halina neno. Likiendelea siku ya tano, ni habari nyingine.

Pingamizi dhidi ya hesabu hii ni la haki. Watafiti wa California walioifuatilia na kuchapisha matokeo mwaka 2008 walikuta kwamba idadi ya nepi peke yake huwachanganya wazima na walio hatarini. Kilichosaidia zaidi ni kuunganisha vinyesi visivyofika vinne siku ya nne na jibu la mama kama maziwa yamejaa au bado yamechelewa kupita saa 72. Juba ina ugumu wake wa ziada. Pampasi hunyonya mkojo wa siku ya kwanza, ambao ni mililita chache tu, na kuuficha kabisa. Kitambaa chepesi nacho, katika ukavu wa Februari, kinaweza kukauka kabla mama hajakigusa. Kipande cha pamba kikiwekwa ndani ya nepi hutatua shida ya kwanza, na kukigusa kitambaa kila anaponyonyesha hupunguza ya pili. Hesabu isiyo kamili ina faida moja ambayo maabara haina: hufanyika mara kumi kwa siku, bila foleni wala nauli, na anayeifanya anamjua mtoto. Nepi hazitoi hukumu. Kazi yake ni kumwambia mama kwamba leo ndiyo siku ya kutafuta mizani.

> Kinyesi kilicho bado cheusi siku ya nne kina habari zaidi kuliko saa nzima ya mtoto kushikilia titi.

Hoja ya joto

Anayesema mtoto wa Juba apewe maji kwa sababu ya joto si mjinga. Anaona jasho lake mwenyewe, na anajua mtoto naye ana ngozi. Ushahidi, hata hivyo, uko dhidi yake. Maziwa ya mama ni maji kwa kama asilimia 87, na chumvi yake ni ndogo kiasi kwamba figo changa haziyatumii maji mengi kuitoa. Utafiti wa India uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1991 uliwafuatilia watoto walionyonya tu na wenzao waliopewa maji, katika kiangazi cha nyuzi 34 hadi 41 na hewa kavu. Walionyonya tu hawakuonyesha dalili ya kupungukiwa. Waliopewa maji walipunguza maziwa waliyokunywa, kwa hiyo kilichoingia upande mmoja kilitoka upande mwingine, pamoja na lishe yake.

Hapa watetezi wa kunyonyesha, ambao kwa jumla nakubaliana nao, huruka jambo. Watoto wa utafiti ule walikuwa wa umri wa miezi, na mama zao walikuwa na maziwa tele. Mtoto wa saa 40 ambaye maziwa ya mama yake bado hayajajaa hawakilishwi nao. Kwake jibu bado si maji, lakini sababu ni nyingine: figo zake haziwezi kutoa maji matupu upesi, sodiamu ya damu hushuka, na inaweza kuleta degedege. Maji ya sukari hujaza tumbo dogo na kumnyamazisha, akaacha kulivuta titi ambalo lingeongeza maziwa kwa kuvutwa. Tena maji gani? Mji huu kwa sehemu kubwa hununua maji ya magari yanayoyachota Mto Nile. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Oktoba 2024 uliugusa pia, na nchi nzima ulishaua zaidi ya watu 1,000. Kijiko kimoja cha maji hayo ni hatari ambayo nyuzi 42 haziihalalishi.

Joto lina madhara yake halisi, ila hupita kwa mama. Utafiti wa Bobo-Dioulasso, Burkina Faso, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba akina mama walinyonyesha muda mfupi zaidi joto lilipopanda, kwa kama dakika 25 kwa siku katika siku za joto kali kabisa. Miili miwili iliyogusana chini ya bati inachosha, na mama aliyechoka huahirisha. Kwa hiyo maji yaliyopo nyumbani yaende kwa mama, anywe kadiri ya kiu yake, bila imani kwamba mapipa ya maji yatamwongezea maziwa. Na mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi, kwa vipindi vifupi, alfajiri na usiku kukiwa na nafuu.

Wanaoogopa chupa na wanaoogopa njaa

Katika mjadala huu kuna kambi mbili, na zote zina watoto wa kuwaonyesha. Ya kwanza inaona kila mazungumzo ya upungufu wa maji ni mlango wa maziwa ya kopo. Ina haki ya kuogopa: kopo likishaingia katika nyumba isiyo na maji salama wala kipato cha kununua la pili, mtoto atakunywa maziwa yaliyozimuliwa. Ya pili inasema kauli ya "maziwa ya mama pekee" imegeuzwa amri, na mama ambaye titi halitoi anafunzwa kuvumilia hadi mtoto alegee. Nayo ina haki. Nchini Uingereza, kwenye wakunga wa nyumba kwa nyumba, bado hupatikana watoto wanaofikishwa hospitali na sodiamu ya kutisha, ingawa ni wachache.

Kipimo kizuri ndicho kinachopunguza ugomvi huu, kwa sababu kambi zote mbili zinalalamikia uamuzi unaofanywa gizani. Mwongozo wenyewe wa hospitali rafiki kwa mtoto, uliorekebishwa mwaka 2018, unakataza vinywaji vingine isipokuwa pale penye sababu ya kitabibu. Sababu ya kitabibu lazima ionekane kwa namba na kwa macho. Mtoto aliyepungua asilimia 8, anayekojoa, ambaye kinyesi kimeanza kuwa cha kijani na anayedai titi, anahitaji mtu wa kutazama anavyoshika titi, kisha apimwe tena kesho. Aliyepungua asilimia 11, amelala, nepi kavu tangu asubuhi na kinyesi bado cheusi, anahitaji maziwa leo: kwanza yaliyokamuliwa na mama na kupewa kwa kikombe, yakikosekana basi mbadala chini ya uangalizi wa mhudumu. Apelekwe hospitali ya watoto ya Al Sabah au Hospitali ya Mafunzo, ambako kipimo cha sodiamu kinaweza kuulizwa. Haifai hata hivyo kumjaza maji kwa haraka, maana sodiamu ikishushwa upesi ubongo huvimba.

Siku ya tatu yuko nani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24, kisha waonwe kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya sita. Kama ziara moja tu ingetekelezwa, ningechagua ile ya saa 72, kwa kuwa ndipo uzito unapofika chini kabisa na maziwa yanapopaswa kuwa yamejaa. Sudan Kusini ina Mpango wa Afya wa Boma, uliozinduliwa mwaka 2017, wenye wahudumu wa jamii wanaotibu malaria, nimonia na kuhara. Ulibuniwa zaidi kwa vijiji vilivyo mbali na vituo. Wa mjini akahesabiwa kuwa karibu na huduma, kana kwamba aliyejifungua juzi atapanda bodaboda kutoka Gumbo, ng'ambo ya Nile, kuvuka daraja juani, ili mtoto asiye na ugonjwa akapimwe uzito.

Itasemwa kwamba hakuna fedha, hasa sasa ambapo wafadhili wanapunguza misaada. Ndiyo maana siombi ziara kwa kila nyumba. Kama mizani ya gramu 10 ni moja kwa kituo na mkunga wa kutumwa ni mmoja, orodha yake ianze na waliojifungua kwa mara ya kwanza, waliopasuliwa, wenye watoto waliozaliwa wiki tatu au nne kabla ya wakati, na yeyote aliyetoka wodini mtoto wake hajaonekana akimeza maziwa. Na Februari na Machi, pale inapowezekana ziara moja tu, isogezwe kutoka siku ya saba hadi ya tatu.